Dawa moja ya mafuta nimekatazwa, nyingine nimeandikiwa, na vijiwe vya nyongo bado vimo

Mama Bidoni (Kadutu, Bukavu)

Jambo yenu wote. Munisamehe nikiandika kwa urefu. Neno hili limenizunguka kichwani wiki tatu sasa, na nyumbani nikilianza tu watoto wanatafuta viatu vyao.

Niko mama wa miaka 52, mzazi wa watoto sita. Nauza mawese soko la Kadutu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Bidoni zangu za lita 20 zinatoka Baraka kwa njia ya Uvira, na jioni napimia wateja kwa chupa. Sukari niko nayo tangu 2019, nakunywa metformini asubuhi na jioni. Tansyo (presha ya damu) nayo inapanda inashuka kama barabara ya Ngomo. Hayo nimeyazoea.

Mwezi wa kwanza tulifunga kanisani siku 21, chakula kimoja usiku, na mimi nikafurahi maana vitenge vilianza kunilegea. Mwezi wa pili ikaja mahari ya binti wa dada yangu. Nikala kulipiza: sambaza za kukaanga (samaki wadogo), mbuzi, sombe (majani ya muhogo) yenye mawese yangu mwenyewe. Usiku saa saba maumivu yakanikamata hapa chini ya mbavu za kuume. Siyo yale ya tumbo yanayobana na kuachilia. Yalikaa. Yakapanda mpaka nyuma ya bega. Kulala siwezi, kukaa siwezi. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Mume wangu akafungua jicho, akaona mtu anasali, akageukia ukutani. Yalidumu kwa muda wa karibu saa tatu nzima, kisha yakaondoka yenyewe.

Yaliporudi mara ya tatu nikaenda kupiga eko (ile picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti), tumbo tupu tangu jana yake. Munganga (daktari) kijana akanipaka ule ute baridi, akasukuma kile chombo chini ya mbavu, akaniambia nigeuke upande wa kushoto. Akanionyesha kioo. Kifuko cha nyongo kilikuwa cheusi kama maji ya usiku, na chini yake vitu vitatu vyeupe, kila kimoja na kivuli chake nyuma. Nilipogeuka, vikabingirika navyo. Karatasi inasema vijiwe vitatu, kikubwa milimita 14, ukuta wa kifuko si mnene, mrija mkuu haukupanuka.

Wiki hiyohiyo labo walinitoa damu: kolesteroli yote 2,32 g/l, HDL (kolesteroli ile nzuri) 0,36, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 3,10.

Sasa sikieni. Nilipita farmasi moja karibu na soko kutafuta dawa ya maumivu tu. Yule kijana akaomba karatasi zote mbili, akazisoma kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake, akasema: "Mama, mafuta yako yako juu. Kunywa fenofibrati, miligramu 200, moja kila siku. Itashusha mafuta na kuyeyusha vijiwe, maana vijiwe ni mafuta yaliyoganda." Miye muuza mafuta, maneno ya mafuta kuganda yananiingia haraka. Nikalipa pesa karibu na nusu bidoni.

Nilikunywa siku 24. Siku ya miadi ya sukari munganga wangu akaona lile sanduku kwenye mkoba. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Alichukua kalamu, akapiga mkasi juu ya jina la dawa, akaniuliza: "Nani alikupa hii?" Akasema mwenye vijiwe hapewi hiyo. Kisha, kwa kalamu ileile, akaandika atorvastatini miligramu 20, kila jioni.

Nikauliza: hii si ya mafuta pia? Akasema ndiyo, ni ya mafuta. Nje kulikuwa na watu wamejaa benchi mbili. Nikatoka na karatasi yangu.

Ndiyo maana niko hapa. Zote mbili ni za kushusha mafuta ya damu. Moja inakatazwa mwenye vijiwe, nyingine anaandikiwa. Kwa nini? Je, hii mpya itaviyeyusha? Na kama itaviyeyusha, kwa nini wananituma kwa munganga wa kupasua? Sanduku jipya liko kwenye kabati, sijalifungua. Sitaki kununua kosa mara mbili.

La mwisho, hili linaniuma kuliko kisu. Majirani sokoni wanasema ni mawese yamenilipa. "Umetuuzia mafuta miaka yote, leo yamekurudia." Wanacheka, lakini jioni ile chupa zilizotoka zilikuwa chache.

Shemeji wa Nguba (Bukavu)

Mama, na miye nilikuambia kwa simu ukakata. Waache watu wa visu. Mafuta ya zeituni nusu lita, ndimu kumi umekamua, unakunywa usiku kidogo kidogo, unalalia upande wa kuume. Kabla yake, siku nzima maji ya matunda tu. Miye nilifanya mwaka jana. Asubuhi vilitoka vijiwe zaidi ya thelathini, kijani, vingine vikubwa kama maharagi. Nimevihifadhi, mwenye kutaka kuona aje. Hakuna aliyenishona.

Mfamasia wa Himbi (Goma)

Mama Bidoni, jambo. Miye nimesimama nyuma ya meza ya farmasi miaka 17, kwa hiyo kwanza nione haya kwa niaba ya mwenzangu. Kwenye karatasi inayokunjwa ndani ya sanduku la fenofibrati, sehemu ya watu wasioruhusiwa, kuna maneno ya Kifaransa yanayotaja ugonjwa wa vésicule biliaire, yaani kifuko cha nyongo. Alikuwa na jibu la eko mkononi na sanduku mkononi. Munganga wako yuko sawa.

Sasa swali lako, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani, maana hata wanafunzi wetu linawakwaza.

Ini lako ndilo lenye ghala la kolesteroli. Kutoka ghala hilo kuna milango zaidi ya mmoja. Mmoja unatoka kwenda kwenye damu, na huo ndio labo wanaupima. Mwingine unatoka kwenda kwenye nyongo, na huo hakuna karatasi ya labo inayouonyesha. Mtu anaweza kufunga mlango wa damu na bila kujua akaufungua zaidi ule wa nyongo. Fenofibrati inafanya hivyo. Inashusha trigliseridi kwenye damu, na hapo ni dawa ya kweli. Lakini inafanya ini limwage kolesteroli zaidi ndani ya nyongo, na papo hapo inapunguza utengenezaji wa chumvi za nyongo.

Hizo chumvi ndizo ufunguo. Kolesteroli haikubali maji. Ndani ya kifuko inaelea kwa sababu chumvi za nyongo, pamoja na mafuta laini yaitwayo lesithini, zimeizunguka, kama sabuni inavyobeba mafuta ya sahani. Wewe unajua bidoni asubuhi ya baridi: juu nyekundu inayomwagika, chini uji mzito wa rangi ya chungwa. Hakuna aliyetia kitu kipya usiku. Hali imebadilika tu, kile kizito kikajitenga. Ndivyo nyongo inavyokuwa kolesteroli ikizidi wabebaji wake: vinatokea vipande vidogo kama chembe za sukari, vinashikana ndani ya ute, na kama kifuko ni kivivu kujikamua, vinakua. Tofauti na bidoni yako ni moja, na ni kubwa: mawese ukiyaweka juani yanarudi. Kijiwe hakirudi kwa joto.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Babu yake fenofibrati aliitwa klofibrati. Ilijaribiwa Marekani kwa watu waliokwisha kupata ugonjwa wa moyo, na mwaka 1975 ikatangazwa kwamba walioinywa walipata vijiwe vya nyongo zaidi ya wenzao. Miaka mitatu baadaye majaribio ya Shirika la Afya Duniani, yaliyofanyika Edinburgh, Budapest na Prague, yakaonyesha hilohilo. Tangu hapo jamii yote ya fibrati imebeba onyo.

Atorvastatini ni ukoo mwingine, statini. Chanzo cha ukoo huo ni ukungu. Mjapani Endo Akira alichunguza ukungu kwa maelfu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akapata dutu inayozuia ini kutengeneza kolesteroli. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, ilikuwa 1987. Hii haichezi na milango. Inapunguza kazi ya kiwanda chenyewe. Kwa hiyo haina sababu ya kuijaza nyongo. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza: waliokunywa statini kwa muda mrefu walipasuliwa kifuko cha nyongo mara chache kuliko wasioinywa, pungufu ya karibu theluthi. Lakini kusoma kumbukumbu si sawa na kujaribu dawa, na hakuna anayeandika statini ili kutibu vijiwe.

Kwa hiyo jibu la swali la pili: hapana, haitayeyusha jiwe la milimita 14. Umeandikiwa kwa sababu una sukari na umepita miaka 40. Mtu wa namna hiyo analindwa moyo na ubongo, awe na vijiwe au asiwe navyo. Fungua sanduku lako. Ukisikia misuli inauma mwili mzima bila kazi, au mkojo unakuwa kahawia, rudi kwa munganga.

Ipo dawa inayoyeyusha kweli, asidi ya ursodeoksikoli. Inataka vijiwe vidogo, chini ya milimita 10, visivyo na chokaa, na mrija ulio wazi. Unainywa miezi sita hadi miaka miwili, na baada ya hapo, kwa karibu nusu ya watu, vijiwe vinarudi ndani ya miaka mitano. Kwa kipimo chako sikushauri uiuzie bidoni.

Nani apasuliwe? Wengi wana vijiwe na hawajui, wanazeeka navyo, na hao tunawaacha. Wewe umeshikwa mara tatu. Aliyeshikwa mara nyingi atashikwa tena, na mwenye sukari akipata uambukizo wa kifuko anaumwa vibaya. Ndiyo maana wanakutuma. Wakati unangoja: homa na kutetemeka, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, maumivu yanayodumu zaidi ya muda wa saa sita, au maumivu yanayotoboa hadi mgongoni na kutapika bila kukoma, usiandike hapa. Panda pikipiki uende hospitali, hata usiku.

Shemeji wa Nguba, kwa heshima: nusu lita ya mafuta inakamua kifuko kwa nguvu zote. Mwenye vijiwe vidogo anaweza kusukuma kimoja kikaziba mrija. Usimpe mtu ushauri huo.

Na mfungo, Mama, hujauliza lakini umeutaja. Jiwe la milimita 14 halikuumbwa mwezi wa kwanza, lina miaka. Ila kukaa na njaa mchana kutwa, kupungua kilo haraka, kisha kushushia karamu, ni njia nzuri ya kuliamsha. Watoto sita, umri, sukari: hapo ndipo ningetazama kabla ya kutazama soko lako.

Labo ya Usiku (Katuba, Lubumbashi)

Mama, miye kazi yangu ni kuzungusha chupa za damu, kwa hiyo nitasema za karatasi tu.

LDL, kolesteroli ile mbaya, hawakukuandikia, lakini inatoka kwa hesabu. Kwa g/l: chukua kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi uliyogawanya kwa 5. Yako: 2,32 toa 0,36 toa 0,62, inabaki 1,34. Hesabu hiyo ni ya mwaka 1972 na bado tunaitumia, mradi trigliseridi hazijapita 4 g/l. Na angalia kipimo kilichoandikwa pembeni. Huku kwetu watu wanavuka mpaka wa Kasumbalesa, wanarudi na karatasi za Zambia zenye mmol/l, wanapata hofu bure. 2,32 g/l yako kule ingeandikwa 6,0. Trigliseridi 3,10 ingekuwa 3,5. Damu ni ileile.

Sasa niambie ukweli, sitakuhukumu: asubuhi ile ulikula nini, na jana yake ulikunywa nini? LDL haitikiswi sana na chai. Trigliseridi zinatikiswa. Chai ya maziwa, mkate, pombe ya jana, sukari iliyopanda, zote zinaziinua. Nimeona mtu wa 4 g/l akarudi wiki mbili baadaye na 1,7, alichobadilisha ni bia za Simba za Ijumaa tu. Kumpa mtu dawa ya mwaka mzima kwa karatasi moja ya siku moja, miye siikubali. Fibrati ina siku yake: trigliseridi zikifika 5 tunaanza kuwaza, zikipita 10 kongosho liko hatarini na hapo waganga wanapima ubaya upi ni mdogo. 3,10 baada ya karamu haiko huko.

Na jambo ambalo watu hawalitarajii: kolesteroli yote ya damu haitabiri vijiwe vizuri. Wapo wenye 3 g/l na kifuko safi, wapo wenye 1,6 na kifuko kilichojaa. Vinavyotembea pamoja na vijiwe ni HDL ya chini na trigliseridi za juu, kama zako, kwa sababu mara nyingi vina mzazi mmoja: sukari na uzito wa tumbo.

Mawese: hayana kolesteroli hata chembe, yanatoka kwenye mti. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito, yanayoganda, na hayo yanapandisha LDL. Waambie majirani wako hivyo, nusu kwa nusu. Kijiko kwenye sombe si kosa. Kukaanga sambaza kila siku kwenye kikaangio kilichojaa ni habari nyingine.

Kaka wa Bagira (Bukavu)

Mimi nina swali ndani ya swali. Dada yangu ana miaka 17, ni SS (ana selimundu). Eko ilionyesha vijiwe vingi. Nikisoma hapa nimeona statini inapunguza. Nimwombee dawa hiyo?

Mfamasia wa Himbi (Goma)

Hapana, mdogo wangu. Vijiwe vya SS si vya kolesteroli. Chembe nyekundu zinavunjika kila siku, rangi yake ya njano inakuwa nyingi kwenye nyongo, na mawe yanakuwa meusi. Statini haina kazi hapo, wala ursodeoksikoli haiyayeyushi. Mpeleke anakofuatiliwa, uulize kama amewahi kuumwa chini ya mbavu za kuume. Kwa SS maumivu ya nyongo na maumivu ya kawaida ya ugonjwa yanachanganyika, wanapaswa kujua.

Kaka wa Bagira (Bukavu)

Aksanti, yaya (mkubwa wangu). Aliwahi. Tulidhani ni mifupa.

Mama Bidoni (Kadutu, Bukavu)

Nimerudi, wiki sita zimepita. Nilikuwa nasoma, sikuandika, maana nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Kwanza wa labo: umenikamata. Asubuhi ile nilikunywa chai ya maziwa na mkate nusu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisile. Na ilikuwa siku ya pili tu baada ya mahari, kasiksi (pombe ya ndizi) ilikuwa bado haijaisha nyumbani kwa dada. Safari hii nilikaa tumbo tupu kwa muda wa saa 12, bila kasiksi wiki mbili, na atorvastatini nimeinywa kila jioni baada ya taarifa ya habari. Karatasi mpya: kolesteroli yote 1,59, HDL 0,40, trigliseridi 1,85. Nimefanya hesabu yako juu ya kifuniko cha bidoni kwa chaki: 1,59 toa 0,40 toa 0,37. Nikapata 0,82. Nimemwonyesha munganga, akacheka, akasema nimwachie kazi yake. Ini wamelipima, liko sawa. Misuli inauma, lakini inauma kwa bidoni, hiyo naijua.

Eko nyingine nimepiga. Vijiwe vitatu, milimita 14. Damu imebadilika, jiwe halikusogea. Hapo ndipo ile habari ya milango miwili ilinikaa.

Sasa shemeji. Usikasirike, nakuandikia mbele ya watu kwa sababu na wewe uliandika mbele ya watu. Jumapili ile nilipokuja Nguba ulinionyesha vijiwe vyako ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye frigo, nyuma ya nyanya. Dada aligeuza uso. Miye nikaomba viwili, ukanipa kwa moyo mweupe.

Ninyi wengine hamjui: ile takataka inayobaki chini ya bidoni, isiyouzika, mdogo wangu anaipika sabuni kwa soda kostiki. Nimesimama juu ya lile pipa miaka mingi. Najua sabuni changa inavyonuka kabla haijakauka, inavyoteleza kwenye vidole, inavyokatika bila sauti. Nilipobonyeza kijiwe cha shemeji kwa kijiko, kikalala. Hakikuvunjika, kililala, kama sabuni ya siku mbili. Nikachukua maji ya moto, si ya kuchemka, ya kuoga mtoto mchanga, nikatumbukiza cha pili. Kabla ugali haujaiva kilikuwa kimekwisha, juu ya maji kukabaki mafuta ya kijani. Kikombe hicho nimekitupa.

Kisha nikaenda kwa jirani yangu wa nyuma, mama aliyepasuliwa miaka minne iliyopita. Yeye vya kwake walimpa ndani ya chupa ndogo ya sindano. Rangi ya kahawia yenye njano, vina pembe kama kokoto za barabarani. Ukitikisa chupa vinagonga, ka-ka-ka. Alinikubalia nitie kimoja kwenye maji ya moto. Tulikaa tukazungumza mpaka maji yakapoa. Kijiwe kilikuwa palepale, kimelowa tu.

Shemeji, wewe ulipika sabuni tumboni.

Mfamasia wa Himbi (Goma)

Mama, umefanya nyumbani kile kilichochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2005. Waganga wa New Zealand waliletewa "vijiwe" vya mwanamke aliyekunywa mafuta ya zeituni na ndimu. Wakavipasha joto la digrii 40, kwa dakika kumi vikawa mafuta ya kijani. Walipovipima, sehemu kubwa ilikuwa asidi za mafuta, kolesteroli hakuna. Vijiwe halisi vya yule mama, vilivyoonekana kwenye eko, vilitolewa kwa kupasuliwa.

Umeamua nini kuhusu kupasuliwa?

Mama Bidoni (Kadutu, Bukavu)

Nimekubali. Maumivu yamerudi mara mbili tangu niandike hapa, moja nikiwa sokoni, mteja amenyoosha chupa na miye nimekunja mgongo juu ya meza. Mtoto wangu mkubwa wa kiume anatuma pesa kutoka Kolwezi, miye nimeuza bidoni nane mara moja kwa mwenye mgahawa, bei ya hasara kidogo. Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Wamesema watajaribu kwa matundu madogo, ikishindikana watafungua.

Nina maswali mawili mafupi. Kifuko kikitoka, nyongo itakaa wapi? Na atorvastatini naiacha?

Mfamasia wa Himbi (Goma)

Haitakaa. Ini litaendelea kuitengeneza, itakuwa inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo. Wiki za kwanza mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kukuharisha, anza na kidogo. Atorvastatini usiache, hata siku ya kupasuliwa kwa kawaida inaendelea, kwa sababu kuondoa kifuko hakushushi mafuta ya damu. Sukari yako na moyo wako havijui kama kifuko kimetoka. Ila metformini mwulize mapema yule atakayekulaza usingizi, asubuhi ile huenda akakuzuia usiinywe. Mpelekee masanduku yote mkononi, siyo majina kichwani.

Labo ya Usiku (Katuba, Lubumbashi)

Na waombe wakupe vijiwe kwenye chupa.

Mama Bidoni (Kadutu, Bukavu)

Nimekwisha kuomba. Nataka vigonge pale mezani sokoni, kando ya faneli.

Shemeji amesoma yote haya, nimeona kwenye simu ya dada. Hajajibu. Jana amenitumia pesa za pikipiki ya Alhamisi, bila neno. Kopo bado liko kwenye frigo, nyuma ya nyanya.